Uzi wa Ndama Kwenye Kola

Wekesa na Otieno,

Leo nimevuliwa koti mbele ya wageni wa serikali. Sitanii. Nimebaki na fulana, na fulana yenyewe ina dirisha mgongoni. Nawaandikia jioni hii hii ili habari mzipate kutoka kwangu, kabla hazijafika huko stesheni yenu ya Longonot na treni zikiwa zimeongezwa chumvi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mnajua nafanya kazi kwenye maabara ya mifugo, hapa nje ya mji wa Nakuru. Naosha chupa, napima damu ya ng'ombe, naandika namba. Mwaka huu tulipata mgeni kutoka Uingereza, mama mmoja mrefu ambaye sisi sote tunamwita Daktari. Kiswahili chake amejifunza kitabuni, kwa hiyo ni kisafi kuliko changu. Kila asubuhi ananiuliza, "Kiprono, umeamkaje?" Nami najibu, "Mzuri." Naona kabisa vile anaumia.

Daktari hakuja kutibu ng'ombe. Alikuja kutafuta uzi.

Ni hivi. Ndani ya kila kiumbe, kwenye kila kipande kidogo cha nyama, kuna uzi mwembamba sana ambao hauonekani kwa macho. Wataalamu wanauita DNA. Anasema ndio unaomfanya ndama afanane na mama yake. Na kumbe si uzi mmoja, ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Kinachozishikanisha ni vifungo vidogo vidogo. Kifungo kimoja ni dhaifu, hakina nguvu ya kushika chochote. Lakini viko maelfu kwa maelfu, na vikishika vyote pamoja nyuzi haziachani.

Sasa Daktari anataka kujua vifungo hivyo vina nguvu kiasi gani. Utapimaje kitu ambacho hukioni? Unakipasha moto! Nyuzi zikiwa zimeshikana, maji yake huwa mazito kama mlenda. Ukiongeza joto kidogo kidogo, unafika mahali vifungo vinaachia vyote karibu kwa mara moja, nyuzi zinatengana, na maji yanakuwa mepesi. Kwa hiyo tunapasha, tunapoza, tunayapitisha kwenye bomba jembamba la kioo, nami nashika saa nikihesabu sekunde. Yakikawia, vifungo bado vinashika. Yakikimbia, vimeachia.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Kushika saa. (Otieno, naona unatabasamu. Subiri.)

Uzi tuliutoa kwenye tezi ya shingo ya ndama. Wiki tatu nzima niliamka alfajiri kwenda kichinjioni na kopo la barafu. Wale wachinjaji walinicheka sana. "Nyama yote hii, wewe unataka hicho kitezi tu?" Nikirudi tunasaga, tunatia maji ya chumvi, tunatikisa na dawa ya kutoa mafuta, tunachuja, tunarudia. Mwisho Daktari anamimina spiriti polepole, na pale spiriti inapokutana na maji, uzi unatokea! Mweupe, kama pamba iliyolowa. Anauzungusha kwenye kijiti cha kioo. Siku ya kwanza nilipouona niliinama karibu nao. Nilifikiria ng'ombe wote wa baba yangu, na mimi mwenyewe, na vile sote tumebeba kitu kama hicho ndani bila kujua.

Wiki tatu zote zilituzalia chupa moja. Moja!

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwaonyesha wageni. Alikuwa anakuja afisa kutoka Nairobi, pamoja na wakulima wakubwa wawili. Bwana Mkubwa wetu wa maabara aliniita Jumatatu akaniambia afisa huyo ndiye anayechagua mtu mmoja wa kwenda kozi ya mwaka mzima, atoke huko akiwa fundi kamili wa maabara. "Nimetaja jina lako," akasema. "Usiniaibishe."

Sikumwaibisha Jumatatu. Nilingoja mpaka juzi.

Friji yetu inatumia mafuta ya taa, na kuijaza ni kazi yangu. Juzi nilisahau. Nilipofungua mlango mchana, ndani kulikuwa na joto kama jikoni. Nikashika kichwa. Uzi ukikaa kwenye joto unaharibika! Daktari alikuwa ameenda Njoro, Bwana Mkubwa alikuwa ofisini. Nikachukua ile chupa, nikapita mlango wa nyuma kama mwizi.

Nyuma ya maabara kuna chumba cha dobi, na dobi wetu ni Mzee Athumani. Ni Mwislamu wa hapa mjini, wazee wake walitoka pwani, na kuhusu nguo hakuna wa kumfundisha chochote. Ana kabati lake la makaa, lile lenye wavu pande zote na makaa yanayomwagiwa maji ili upepo ukipita uwe baridi. Ndani anaweka wanga wake wa kunyooshea makoti, ili usichache. Anautengeneza kwa unga wa muhogo, anauchuja kwa kitambaa mara tatu mpaka unang'aa. Mzito, usio na rangi.

Kama uzi wetu.

Na anauweka kwenye chupa za maabara, ambazo nilimpa mimi mwenyewe kwa moyo mweupe.

Mzee hakuwepo. Nikaweka chupa yangu kwenye kabati, nikaibandika karatasi: "USIGUSE." Nikaenda kutafuta mafuta ya taa. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nitairudisha jioni. Jioni friji ilikuwa haijapoa vizuri, nikasema kesho. Jana nikasema kuko baridi zaidi kule kwa makaa, acha ikae. (Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.)

Karatasi ile, ndugu zangu, niliiandika kwa wino na kuibandika kwa gundi ya unga. Kwenye kabati linalotiririka maji.

Leo asubuhi nikavaa koti langu jeupe. Lo! Lilikuwa limekauka kama bati. Kola ilinisimamia shingoni hata sikuweza kugeuza kichwa, nikawa nageuka mwili mzima. Nikiinua mkono linalia kwaru, kwaru. Nikasema moyoni, Mzee Athumani ameniheshimu leo. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha nikajiona tayari ni fundi kamili.

Nikatoka kuwapokea wageni. Kupita pale kwenye boma la mitamba, mtamba mmoja akanyoosha shingo, akanilamba mkono wa koti. Akaja wa pili. Wa tatu akashika pindo la koti na meno, hataki kuachia. Mkulima mmoja wa Mau Narok, mzee mnene mwenye kiko, akacheka sana.

"Wewe iko mtu mzuri," akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha mashambani. "Ng'ombe napenda wewe sana!"

"Nimezoeana nao, Bwana," nikajibu kwa fahari. (Nimezoeana nao! Walikuwa wanafuata chumvi.)

Daktari naye akanitazama mabegani. "Kiprono, una theluji." Nikajipangusa. Ukaanguka unga mweupe. Nikafikiri ni vumbi la chokaa kutoka ukutani, nikaendelea.

Mbio nikaenda kwa Mzee Athumani kuchukua chupa. Nje hakuna mtu. Nikafungua kabati: chupa moja, imejaa, haina karatasi. Karatasi yenyewe niliiona chini imekuwa uji. Nikashukuru kwamba chupa angalau ipo. Nikaichukua.

Tukaanza. Wageni wamesimama kuizunguka meza, sufuria ya maji iko juu ya jiko, kipimajoto ndani, bomba la kioo limening'inia. Bwana Mkubwa akaniambia niwaeleze. Nikaeleza! Nikawaambia juu ya nyuzi mbili, juu ya vifungo dhaifu, na kwamba mtaona kwa macho yenu vikiachia. Afisa wa Nairobi, mtu mkavu mwenye miwani, akaandika kitu kwenye daftari. Roho yangu ikaota mabawa.

Kabla ya moto: sekunde mia moja na ishirini. Nzito, vizuri.

Joto la hamsini: mia moja na ishirini. Sawa, bado.

Sabini: mia moja na kumi na tisa.

Themanini: mia moja na kumi na tisa. Daktari akasogea karibu.

Themanini na tano. Tisini. Mvuke umejaa, jasho linanitoka. Mia moja na kumi na nane.

"Soma tena," akasema Daktari.

"Mia moja na kumi na nane."

Bwana Mkubwa akainama sikioni mwangu. "Una hakika si sitini? Ilitakiwa ishuke."

Nikaitazama saa. Nilitamani sana iseme sitini, nawaambia ukweli. Ningetamka tu neno moja na kila mtu pale angefurahi. "Hapana, Bwana. Ni mia moja na kumi na nane."

Maji yakachemka. Hapa kwetu juu yanachemka kabla ya kufika mia, kwa hiyo hatukuwa na joto lingine la kuongeza. Namba haikuteremka.

"Hii ndama nguvu sana!" akasema yule mkulima wa Mau Narok. "Mimi nataka nunua hii!"

Daktari hakucheka. Alichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga, akainusa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kiprono, niletee ile dawa ya ayodini ya vidonda vya ng'ombe."

Nikaleta. Akachota maji kidogo kwenye kikombe cha kioo, akadondosha tone moja.

Bluu. Bluu kama wino wa posta.

Hata mimi mwosha chupa najua hiyo. Ayodini ikigusa wanga hugeuka bluu.

"Huu ni wanga," akasema Daktari. "Uzi wangu uko wapi?"

Nilikuwa nimesimama juu ya ule mvuke muda mrefu, na sasa nikahisi kitu baridi kinateremka shingoni. Kola ilikuwa inalegea. Ile kola iliyosimama kama bati imelala kama jani la mgomba, na ute unanitiririka mpaka kifuani. Nikapeleka mkono kujifuta. Nilipouondoa, ukaja na ute mrefu kati ya vidole, unavutika, unavutika, hautaki kukatika.

Chumba kizima kikatazama vidole vyangu.

Na hapo, kana kwamba bado haijatosha, mlango ukafunguliwa akaingia Mzee Athumani, chupa mkononi, imebaki nusu.

"Kiprono mwanangu, niwie radhi," akasema, hajawaona wageni nyuma ya mlango. "Wanga huu ulioniwekea kabatini si mzuri hata kidogo. Umenigandia pasi! Nimepaka makoti yote manne, kisha nikauacha nikapika wangu mwingine. Nani aliyekuuzia?"

Makoti yote manne. Bwana Mkubwa akajishika kola polepole. Daktari akajishika yake. Sote watatu tulikuwa tumevaa kazi ya wiki tatu. La nne lilikuwa bado kwenye kamba, na nasikia mbuzi wa mlinzi alikuwa analishughulikia.

"Vua koti," akasema Bwana Mkubwa.

"Bwana, chini nina..."

"Vua!"

Nikavua. Mkulima wa Mau Narok akatoa kiko mdomoni ili aone vizuri lile dirisha la fulana. Jamani, nilitamani sakafu inimeze.

Ndipo Mzee Athumani akaelewa. Akaweka chupa mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka mtoto mchanga. Akasimama mbele yangu.

"Bwana, kosa ni langu," akasema. "Nilikuta chupa si yangu, nikaitumia bila kuuliza. Huyu kijana hana hatia. Nikatwe mshahara mimi."

Nikamtazama mgongo. Mzee wa miaka sitini na kitu, ana wajukuu nyumbani, amefanya kazi hapo tangu maabara haijawa na paa la maana. Na nilijua Bwana Mkubwa angemwamini. Ningekaa kimya, hadithi ingeishia hapo, nami labda ningeenda kozi yangu.

Sitajisifu kwamba sikufikiria. Nilifikiria, kwa muda wa kama sekunde mbili. Nimezoea kuhesabu.

"Si kweli, Bwana," nikasema. "Mzee hajui lolote. Friji ilizimika juzi kwa sababu nilisahau mafuta. Niliificha chupa kwake bila kumwambia, nikakaa kimya siku mbili. Karatasi niliyoweka ilianguka. Makosa yote ni yangu."

Maji tu yanachemka. Mimi nimesimama na fulana yangu, ute unanikaukia shingoni.

Daktari ndiye aliyesema kwanza. Hakusema na mimi. Aliinamia ile nusu chupa. "Mzee Athumani, kabati lako ni baridi?"

"Baridi, Mama. Hata siagi haiyeyuki."

"Basi huenda bado ni mzima." Akageuka. "Kiprono, chukua saa."

"Mimi?"

"Kuna mwingine anayeijua?"

Nikachukua saa, hivyo hivyo na fulana. Tukaanza upya. Kabla ya moto: sekunde mia moja na kumi, nzito. Sitini, ile ile. Sabini, ile ile. Themanini, mia moja na nane. Ilipopita themanini na tano, Daktari akachota, akapoza, akamimina kwenye bomba. Nikabonyeza saa. Maji yakashuka shwaaa, kama mtu aliyekatwa kamba!

"Thelathini na nane!" nikapiga kelele. Nilipiga kelele, mbele ya afisa wa serikali. Mkulima wa Mau Narok akapiga makofi. Mzee Athumani, ambaye hakuwa anajua tunapima nini, akasema, "Alhamdulillahi." Daktari akaketi kwenye kiti, akavua miwani akaifuta, akaifuta tena.

Vifungo vilikuwa vimeachia. Tulikuwa tumeona.

Baadaye akatuamuru tuloweke makoti matatu kwenye maji ya chumvi baridi. Tukayakamua, tukachuja, akamimina spiriti. Mniamini msiniamini, uzi ukatoka! Si mwingi, na una uchafu wa pasi, lakini ulitoka. Mzee Athumani akapewa kijiti cha kioo auzungushe mwenyewe. Akaushangaa sana. "Na mimi ninao huu ndani yangu?" akauliza. Daktari akamwambia ndiyo. Akauinua kwenye mwanga, akasema, "Basi nashukuru hakuna aliyeupiga pasi."

Sasa sikilizeni mwisho wake. Wageni walipokuwa wanaondoka, yule afisa mkavu akaniita kando. Nikajua ndiyo safari ya kurudi nyumbani kuchunga. Akanitazama juu ya miwani.

"Walikwambia useme sitini," akasema. "Kwa nini hukusema?"

"Haikuwa sitini, Bwana."

"Na mzee alijitwika kosa lako. Kwa nini hukumwachia?"

"Halikuwa lake."

Akaandika kwenye daftari. "Mtu wa kusahau mafuta anaweza kufundishwa kutosahau," akasema. "Yale mengine sijui tungeyafundisha vipi. Kozi inaanza mwezi ujao. Njoo umevaa shati."

Bwana Mkubwa amenikaripia nusu saa nzima, na ilikuwa haki yangu. Halafu akanipa mkono. Daktari ameniambia jina langu litaandikwa kwenye daftari la vipimo vya leo, kando ya zile namba. Nimekwenda kwa Mzee Athumani kuomba msamaha kwa kumtumbukiza kwenye mambo yangu. Nimemuuliza kwa nini alitaka kubeba kosa ambalo hakulijua vizuri. Akanimiminia chai. "Nilikuona umesimama peke yako na hiyo fulana," akasema. "Nikaona baridi." Nilikunywa chai, ndugu zangu. Kisha akaniambia nimvulie hiyo fulana, akatoa sindano, akaliziba lile dirisha huku ananisema.

Nimetembea kutoka kwake nikiwahesabu watu walionifaa leo bila mimi kustahili, na vidole vya mkono mmoja havikutosha. Nimeaibika, ndiyo. Lakini sijawahi kuaibika nikiwa nimezungukwa na watu wazuri namna hii.

Ombi langu ni moja. Barua hii isomeni ninyi wawili tu, na msiibandike kwenye dirisha la tiketi kama mlivyofanya ile nyingine. Mama mkwe wangu mtarajiwa hupanda treni hapo Longonot kila Jumanne, na mpaka leo anaamini binti yake amepata mtu makini.

Ndugu yenu,
Kiprono